Hereni Zile Zile: Somo la Vijana Kuhusu Vitu Tunavyovipenda kwa Sasa

 

 Leo tunaanza na daftari. Chukua kalamu, andika vitu vitano unavyovipenda sana kwa sasa katika sanaa, utamaduni na mavazi. Usiandike vile unavyodhani Paroko angefurahi kuviona. Andika vile ambavyo kweli vimekukaa moyoni: wimbo unaourudia mpaka mama analalamika, picha uliyoiweka kwenye kioo cha simu, nguo unayoiwaza hata ukiwa shambani unapalilia.

Kama upo hapa Malolo, au popote kati ya Ruangwa na Nachingwea, nadhani orodha yako haitakuwa mbali sana na hii:

1. Kitenge kilichoshonwa na fundi, mshono wenyewe umeuona kwenye simu.
2. Raba nyeupe, hata kama ni za mtumba.
3. Jezi ya Namungo.
4. Singeli, na nyimbo za Harmonize.
5. Sare mpya ya kwaya.

Wengine wataongeza msuko fulani, kinyago cha mpingo, au picha ya Tingatinga waliyoiona mjini. Sawa. Weka daftari pembeni, tutalirudia.

Sasa swali. Je, Mungu ana habari yoyote na orodha hii? Mitaani kuna majibu mawili mepesi. La kwanza: "Hayo ni mambo ya dunia, achana nayo." La pili: "Mungu anaangalia moyo, we vaa unavyotaka, sikiliza unachotaka." Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini yanafanana kwa jambo moja: yote mawili yanakuruhusu uache kufikiri. Anayekataa vyote hapimi, na anayekubali vyote hapimi pia. Mkristo anapima.

Masomo ya kusoma kwanza: Kutoka 31:1-11, 32:1-6, 35:20-29, 36:2-7, Yakobo 2:1-9. Tafadhali soma kwanza. Somo hili bila Biblia pembeni halitakusaidia sana.

1. Hereni zilikwenda wapi?

Waisraeli walitoka Misri wakiwa na dhahabu. Ukisoma Kutoka 12:35-36 utaona waliipata kwa Wamisri usiku ule wa kuondoka. Watu waliokuwa watumwa jana, leo wana hereni, wana pete, wana mavazi mazuri. Nani angewalaumu kwa kuvipenda?

Halafu yanatokea mambo mawili kwa wakati mmoja, na hapa naomba uwe makini. Juu mlimani, katika sura ya 31, Mungu anaongea na Musa na anamtaja fundi kwa jina: Bezaleli, wa kabila la Yuda. Anasema amemjaza Roho wake ili awe na akili na ustadi wa kubuni, kufua dhahabu, kuchonga mawe na kuchonga mbao. Anampa na msaidizi, Oholiabu wa kabila la Dani. Hebu tafakari kidogo: mtu anayetajwa hapa kuwa amejazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi yake ni fundi, mchongaji na mbunifu.

Chini ya mlima, katika sura ya 32, watu wamechoka kumsubiri Musa. Wanamwambia Haruni awatengenezee mungu. Haruni anawaambia wavue hereni za dhahabu zilizo masikioni mwa wake zao, wana wao na binti zao. Wanavua. Haruni anaziyeyusha, anatoa ndama. Watu wanakula, wanakunywa, wanacheza.

Songa mbele mpaka sura ya 35. Musa anawaomba watu walete vitu vya kujengea hema la Mungu. Wanakuja wanaume kwa wanawake, kila aliyesukumwa na moyo wake, na wanaleta nini? Hereni tena, pete, vikuku. Wanawake wenye ustadi wanasokota nyuzi kwa mikono yao. Mwishoni, sura ya 36, vitu vinazidi mpaka Musa anatangaza kambini kwamba inatosha, wasilete tena.

Umeona? Ni hereni zile zile, za masikio yale yale. Dhahabu iliyoyeyushwa kuwa ndama haikuwa mbaya kuliko dhahabu iliyojenga hema. Hata ufundi ni wa aina moja, maana Haruni naye alitumia patasi. Kilichotofautiana ni mahali hereni zilipokwenda. Mara ya kwanza zilikwenda kutengeneza kitu cha kuabudiwa badala ya Mungu. Mara ya pili zilikwenda kutengeneza mahali ambapo Mungu anakaa katikati ya watu wake.

Basi hiyo ndiyo hoja ya somo lote, na ukisahau mengine usisahau hii: usiulize tu "kitu hiki ni kibaya au kizuri?" Uliza "kinakwenda kujenga nini, ndama au hema?"

2. Kwa nini kitu kizuri kinatuvuta?

Kwanza tuelewe kwamba kuvutwa na uzuri si udhaifu. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa yake, alitaja mambo matatu yanayofanya kitu kiwe kizuri. La kwanza ni ukamilifu: kitu kisipungukiwe na kile kinachokifanya kiwe chenyewe. La pili ni ulinganifu: sehemu zake zipatane. La tatu ni mng'ao: kiwe na nuru, kikufikie bila kuhitaji maelezo marefu. Na jambo la kupendeza ni mahali alipoyaandika. Alikuwa anafundisha kuhusu Utatu Mtakatifu, na mambo hayo matatu aliyahusisha na Mwana wa Mungu. Kwa hiyo unaposhangaa mbele ya kitu kizuri, umegusa mlango ambao ukiufuata mpaka mwisho utamkuta Kristo.

Tupime na vya kwetu. Chukua kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa ujamaa: watu wamebebana kutoka chini mpaka juu, wazee, akina mama, watoto, wote kwenye gogo moja la mpingo. Ukamilifu upo, maana ni gogo moja, halijaungwa. Ulinganifu upo: ukimtoa mmoja, aliye juu anakosa pa kukanyaga. Mng'ao nao upo. Hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake, mtoto anaangalia na kuelewa kwamba tunabebana.

Kuna vijana huuliza kuhusu vile vinyago vingine, vyenye sura za kutisha, vinavyoitwa vya mashetani. Je, ni dhambi kuvipenda? Thomas, pale pale, anatusaidia: anasema sanamu inaweza kuitwa nzuri ikiwa inaonyesha vizuri kile inachokionyesha, hata kama chenyewe ni kibaya. Mchongaji anayeichonga hofu vizuri amefanya kazi nzuri. Tatizo linaanza ukikipeleka nyumbani kikulinde. Hapo umekifanya ndama.

Tuvuke kidogo kuelekea magharibi, Tunduru, kwa majirani zetu. Huko ndiko alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga, mwaka 1932. Alitoka kijijini kutafuta kazi kama vijana wetu wengi, akafika Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichora kwenye hadibodi za kuezekea dari, kwa rangi za kupakia baiskeli. Wanyama, ndege, maisha ya kijijini. Alifariki mwaka 1972, akiwa bado kijana wa miaka arobaini, kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora! Lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na vijana wa kwao, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake, na familia nyingi zinakula kwa brashi.

Nakueleza haya kwa sababu kijana wa huku kusini mara nyingi anadhani uzuri unatoka mbali na unahitaji hela. Tingatinga alianza na ubao wa dari na rangi ya baiskeli. Alichokuwa nacho hakukifungia, alifundisha wengine. Hapo ndipo hereni zinapoanza kwenda kwenye hema.

3. Pamba: tunavaa kwa ajili ya nani?

Twende kwenye mavazi, maana najua wengi mnasubiri hapa. Na najua mnachotegemea: frateri atasema suruali za mlegezo ni dhambi, na sketi iwe mpaka wapi. Tulia kwanza.

Kanisa linafundisha katika Katekisimu (namba 2521 hadi 2524) kwamba staha inalinda siri ya mtu, na kwamba namna ya staha inabadilika kutoka utamaduni mmoja hadi mwingine, lakini popote pale ipo. Hili sisi tunalielewa kuliko watu wengi. Zamani wanawake wa Kimwera na wa Kimakonde walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu, na mwanamke asiye nayo alionekana hajajipamba. Leo binti akivaa ndonya kwenda gulioni watu watamshangaa. Mtindo umebadilika. Kilichobaki ni kile kile: binadamu anavaa ili kusema jambo kuhusu yeye ni nani.

Thomas wa Akwino ana swali zima kuhusu mavazi kwenye Summa (sehemu ya pili ya pili, swali la 169). Anasema nguo yenyewe haina kosa, kosa liko katika namna mtu anavyoitumia. Kwanza, mtu anaweza kukosea kwa kupuuza desturi njema za watu anaoishi nao. Huku kwetu tunaishi na majirani Waislamu na Wakristo, nyumba kwa nyumba, na desturi ya kujistiri kwa kanga mbele ya wakubwa ni yetu sote. Kuidharau ili uonekane wa mjini ni kuwadharau watu. Pili, mtu anaweza kukosea kwa kuzidisha, na kuzidisha kuna sura tatu: kutafuta sifa, kutafuta raha ya mwili, na kuhangaika kupita kiasi, yaani nguo inakunyima usingizi.

Lakini Thomas haishii hapo, na hapa ndipo wengi hatufiki. Anasema mtu anaweza kukosea pia kwa kupunguza. Kuna anayekosea kwa uvivu, hajali kabisa anaonekanaje. Na kuna anayejisifia uchakavu wake, anavaa vibaya ili watu waseme "huyu ni mtu wa Mungu". Naye anatafuta sifa, ila kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo wale wetu tunaojiona watakatifu kwa sababu hatujui fasheni, tusikimbilie kumhukumu mwenye raba nyeupe.

Angalia mashahidi wawili.

Wa kwanza ni mtoto wa raba. Carlo Acutis alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, Italia. Alipenda kompyuta, michezo ya video na mpira. Alifariki kwa saratani ya damu tarehe 12 Oktoba 2006, akiwa na miaka 15. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu. Ukienda Assisi utamwona amelazwa kaburini amevaa jinzi na raba za Nike. Mtakatifu wa raba! Lakini inasimuliwa kwamba mama yake alipotaka kumnunulia jozi ya pili ya viatu, Carlo alikataa, akasema moja inatosha na hela iliyobaki iwafae maskini. Alizipenda raba zake, naam, ila raba hazikumpenyeza kwenye kambi ya ndama.

Wa pili ni wa kwetu Afrika. Mwenyeheri Isidori Bakanja alikuwa kijana wa Kongo, kibarua fundi wa kujenga, aliyebatizwa mwaka 1906. Alivaa skapulari ya Bikira Maria shingoni. Msimamizi wa Kizungu katika shamba alikofanya kazi alimwamuru aivue. Isidori alikataa. Akachapwa kwa kiboko cha ngozi chenye misumari mpaka mgongo ukawa kidonda kitupu. Aliteseka miezi kadhaa, akamsamehe aliyempiga, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1994. Kipande kidogo cha kitambaa, hakina thamani gulioni, lakini kilisema yeye ni wa nani.

Sasa jiulize kimya kimya: katika vyote ninavyovaa, kipi kinasema mimi ni wa nani?

4. Na singeli je?

Singeli imezaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese na Tandale, kwa vijana wasio na studio kubwa. Inakwenda mbio kuliko mapigo ya moyo. Vijana wa huku wanaipenda kwa sababu inawaelewa: ina njaa, ina kodi ya chumba, ina vituko vya mtaani. Harmonize naye wanampenda kwa sababu ni mtoto wa Mtwara ambaye hakuficha asili yake. Alijiita Konde Boy, na Umakonde ambao watu waliufanyia utani yeye akaufanya jina la kazi. Kwa kijana wa kusini hilo si jambo dogo. Hata neno machinga, tunaloliita kila mchuuzi nchini, watu wengi hulihusisha na Machinga ya mkoa wetu wa Lindi. Tumezoea kutajwa kama watu wa kubeba mizigo. Ukimwona wa kwenu jukwaani, lazima moyo uruke. Ndiyo furaha ile ile ya Namungo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho ikacheza na Simba. Ilifungwa, lakini nani alijali? Ruangwa ilitajwa nchi nzima.

Kanisa halikuogopa midundo yetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima yake (namba 119), na kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa linaouita wake peke yake (namba 123). Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Unaposikia kayamba na ngoma kwenye Misa leo, ujue kuna watu walifanya kazi ya kupima. Hawakusema "ngoma zote ziingie", wala "ngoma ni za kipagani".

Nasi tupime. Chukua wimbo unaoupenda, uandike maneno yake kwenye daftari, bila mdundo. Yasome kwa sauti mbele ya dada yako au mama yako. Ukiona aibu, umepata jibu, na mimi sijakukataza kitu. Kama wimbo unamfanya msichana kuwa kiungo kimoja tu cha mwili, basi umekosa hata kile cha kwanza cha Thomas, yaani ukamilifu, maana mtu mzima amekatwa vipande. Lakini kama unamcheka tajiri mwenye dharau, au unamlilia mama aliyehangaika na watoto, usiogope. Cheza.

5. Mahali panapouma

Mpaka hapa tunaweza kukubaliana tukaenda kunywa chai. Ila somo lisilogusa mfuko halijafika. Kuna mahali patatu huku kwetu ambapo hereni zinageuka ndama, na watu wanaumia.

*Kangomba.* Unalijua vizuri jambo hili. Kabla minada haijafunguliwa, anakuja mtu na hela mkononi. Anakupa kidogo leo, korosho ikikomaa anachukua kilo zako nyingi. Wapo wanaoingia huko kwa sababu ya ugonjwa au ada ya shule, na hao tuwaonee huruma, tuwasaidie. Lakini kijana mzima mwenye nguvu akiuza korosho za mama yake mtini, eti apate raba na simu ya kutokea sikukuu, hapo si fasheni tena. Amevua hereni masikioni mwa mama yake. Soma tena Kutoka 32:2 uone zilikuwa masikioni mwa nani.

*Simu ya kununuliwa.* Dada yangu, naandika hili kwa heshima. Kuna watu wazima wanaojua kabisa binti wa sekondari anapenda nini kwa sasa. Wanaijua orodha yako kuliko wazazi wako. Anakununulia kijora, anakununulia simu, hasemi kitu, na siku moja anadai. Zawadi isiyoweza kuonyeshwa nyumbani si zawadi. Kama upo katika hali hiyo sasa hivi, hujapotea na hujachelewa. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo: mama, shangazi, mwalimu, sista, katekista. Wewe ndiye hekalu. Huwezi kubadilishwa kwa kitu cha kuchaji.

*Sare ya kwaya.* Hili linatuhusu sisi wa Kanisani, na naliweka mwisho kwa sababu ndilo tunalolificha. Sare ni kitu kizuri. Kwaya ikiingia na kitenge kimoja, ulinganifu wa Thomas unauona kwa macho. Lakini kila parokia ina kijana mwenye sauti nzuri aliyeacha kwaya kimya kimya. Ukimuuliza anasema "nimebanwa na kazi". Hajabanwa na kazi. Alikosa hela ya kitenge na ya fundi, akaogopa kusimama peke yake na nguo ya mwaka jana. Sasa anasali Misa ya kwanza, anakaa nyuma, anatoka kabla ya matangazo.

Mtume Yakobo aliliona hili mapema. Katika sura ya pili anawakemea Wakristo wanaompa kiti cha heshima mwenye pete ya dhahabu, na maskini wanamwambia asimame pale au akae chini. Tunapoisoma tunadhani anawasema matajiri fulani. Anatusema sisi wenye sare. Sare iliyobuniwa ili tuwe wamoja ikigeuka kuwa geti, basi tumeimba mbele ya ndama, hata kama wimbo ulikuwa wa Ekaristi.

Na dawa yake si ngumu. Kwaya ipange sare mpya baada ya mauzo ya ufuta au korosho, watu wakiwa na hela, siyo katikati ya kiangazi cha mifuko. Mchango ulipwe kidogo kidogo. Kuwe na mfuko mdogo, anayeweza anaweka cha ziada, na anayesaidiwa ajulikane na watu wawili tu: mwenyekiti na mhazini. Mshono uwe ambao fundi yeyote wa hapa anaumudu. Na ikishindikana kabisa, sikukuu hiyo wote vaeni ya zamani. Watu wakiuliza, waambieni tunamsubiri mwenzetu.

6. Rudi kwenye daftari

Chukua ile orodha yako ya vitu vitano. Mbele ya kila kimoja jibu maswali manne:

- Kitu hiki kinanifanya nimshukuru Mungu, au kinanifanya nimwonee wivu mwenye nacho?
- Nikikikosa mwezi mzima, nitabaki na amani?
- Nani amelipia? Kuna mtu ameumia ili mimi nipendeze?
- Naweza kumshirikisha mwingine, kama Tingatinga alivyowafundisha ndugu zake?

Usishangae kama kitu kilichopita vizuri ni kile ulichokionea aibu, na kilichofeli ni kile cha kidini. Ndiyo maana tunapima.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi (VIWAWA, TYCS, kwaya au jumuiya)

1. Kwa nini Mungu alimtaja Bezaleli kwa jina kabla ya ndama kutengenezwa? Hilo linatuambia nini kuhusu vipaji vya vijana wetu?
2. Taja desturi moja ya mavazi ya wazee wetu wa huku ambayo ina thamani hata leo. Ina thamani gani?
3. Kwenye kikundi chetu, nani ameacha kuja kwa sababu ya sare au mchango? Msitaje jina hadharani. Mpange nani atakwenda kumwona, na lini.

Azimio la wiki

Chagua kitu kimoja kwenye orodha yako, kipeleke kwenye hema. Kama unajua kusuka, msuke bure binti mmoja asiye na hela. Kama unajua kuchora, chora picha ya kigango chako umpe katekista. Kama una raba mbili, unajua la kufanya, Carlo ameshakuonyesha.

Sala

Ee Mungu, wewe ndiwe chanzo cha uzuri wote. Umetupa macho ya kushangaa, masikio ya kusikia mdundo, na mikono ya kushona, kuchonga na kuchora. Utuepushe na ndama tunaowatengeneza kwa vitu ulivyotupa mwenyewe. Utujaze Roho wako kama ulivyomjaza Bezaleli, ili tunavyovipenda vijenge mahali ambapo wewe unakaa na maskini wanakaribishwa. Utuombee, Mtakatifu Carlo. Utuombee, Mwenyeheri Isidori Bakanja. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tukutane somo lijalo. Na yule mwenzetu wa Misa ya kwanza, mfuateni kabla ya Jumapili.

Ndugu yenu, Frateri.